Uniti zinakwenda wapi? Tuuelewe umeme wa nyumbani kabla hatujailaumu mita

Ikishaingia kaskazi hapa kwetu Zanzibar, kuanzia Disemba mpaka Machi hivi, kila baraza utakayokaa utasikia maneno hayo hayo, umeme wa tukuza, huu wa kulipia kabla, unakimbia, juzi nimetia wa 10,000 leo mita inalia, hizi mita zimechezewa. Mwengine atasema wameongeza bei kimyakimya, mwengine atasema tangu jirani ajenge ghorofa umeme wetu unavutwa kule. Na ndani ya nyumba ugomvi unawaangukia watoto, nani kaacha taa ya ukumbini inawaka, nani kaacha chaja kwenye soketi. Mimi naamini wengi wanaolalamika uniti zinawaisha kweli, hawasemi uongo, ila tunatafuta mwizi mahala sipo, tunazima taa kwa hasira halafu tunaacha friza iliyolegea mlango inapiga kazi usiku na mchana.

Basi tuanze na maneno mawili, wati na uniti, mana hapa ndo watu wengi wanapochanganya. Wati ni kasi ambayo kifaa kinavuta umeme pale kinapokuwa kinafanya kazi. Imeandikwa nyuma au chini ya kifaa, namba halafu herufi W. Uniti ni jumla ya umeme ulokwisha kuvutwa, na hiyo ndo unayoinunua. Fikiria bomba la maji na ndoo. Wati ni vile ulivyolifungua bomba, kidogo au lote, na uniti ni ndoo zilizojaa. Bomba ulilolifungua lote litakujazia ndoo kwa muda mchache, na bomba linalotiririka kidogo kidogo usiku kucha nalo linajaza ndoo, kwahivyo ukitaka kujua umetumia maji kiasi gani huwezi kuangalia ukubwa wa bomba peke yake wala muda peke yake, lazima vyote viwili.

Hesabu yake ni hii: wati zidisha kwa saa, gawa kwa 1,000, unapata uniti. Kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa moja ni uniti moja. Kifaa cha wati 100 kikiwaka saa kumi ni uniti moja vilevile. Basi, hakuna siri nyengine.

Sasa tuipeleke hesabu hiyo kwenye ile taa inayogombaniwa. Taa ya LED ya wati 9 ukiiwasha magharibi mpaka asubuhi, saa 12 nzima, imetumia uniti 0.108, yaani mpaka ikutafune uniti moja inataka usiku kama tisa. Ile glopu ya zamani ya wati 60 kwa muda huo huo inakula uniti 0.72, hiyo ni jambo jengine kabisa, na kama bado unayo chooni au nje mlangoni ibadilishe leo. Lakini ukishakuwa na LED nyumba nzima, suala la taa umelimaliza kwa sehemu kubwa, ukizima ni vizuri, ila usitegemee kwamba ndo utaona tofauti kwenye mita.

Tofauti iko kwenye vitu vya aina tatu. Vinavyotia joto, vinavyotoa joto, na vyenye mota nzito. Pasi, jagi la umeme, jiko la koili na hita ya bafuni vinatia joto, na kutengeneza joto kwa umeme ni kazi kubwa, ndo mana ukiangalia nyuma yake unakuta wati 1,200, 2,000, hita nyengine za papo kwa papo zinapita 4,000. Friji, friza na AC vinatoa joto, vinalichukua ndani na kulitupa nje. Na mota nzito kwa kwetu khasa ni pampu ya maji. Ukivijua hivi, umeshajua pa kuangalia.

Tukae kidogo kwenye friji na friza, mana hapa kwetu ndo mlaji ambaye hapumziki. Friji haivuti umeme muda wote, inawaka, inapoza, inazima, baridi ikipungua inawaka tena. Kila joto linaloingia ndani ni lazima litolewe, na joto linaingia kwa njia tatu: mlango unaofunguliwa, mlango usioziba, na vitu vya moto mnavyotia. Mpira wa mlango ukishakuwa mgumu au umepasuka, hewa ya nje inaingia saa 24, na hewa yetu sisi ni ya bahari, ina unyevu mwingi, ule unyevu ukifika ndani unaganda, ndo ile barafu inayojaa kwenye kuta za friza kama chokaa. Watu wanaiona barafu ile wanafurahi wakidhani friza ina nguvu, kumbe barafu ile inazuia baridi isifike kwenye vitu, mashine inafanya kazi zaidi kwa faida ndogo. Ikifika unene wa kidole, toa vitu, zima, iache iyayuke wenyewe, usichokoe kwa kisu.

Kuujaribu mpira ni rahisi, funga mlango na kipande cha karatasi kiwe nusu ndani nusu nje, halafu kivute. Kikitoka bila ya kukamatwa, hapo panavuja. Zunguka mlango wote hivyo hivyo. Mara nyengine ni uchafu tu wa mafuta na sukari ya juisi, ukiufuta kwa maji ya vuguvugu na sabuni unarudi kukamata, mara nyengine inabidi fundi akutafutie mwengine. Na huko nyuma kwenye zile bomba nyembamba nyeusi, kama friji yako ni ya aina hiyo, toa vumbi, na isibanwe na ukuta, mana pale ndo inapotupia joto, ukiiziba inashindwa kupumua. Wengine wanaiweka friji ubavuni mwa jiko au pale jua la mchana linapoingia dirishani, halafu wanashangaa.

Kuna hili la kuzima friji usiku. Nimelisikia sana, na wanaolifanya wanaamini wanaokoa nusu ya umeme. Ukweli ni kwamba usiku friji ishapumzika wenyewe, mlango haufunguliwi, inawaka mara chache tu. Ukiizima inapata joto taratibu mpaka asubuhi, ukiiwasha inafanya kazi mfululizo kurudisha baridi ile uliyoipoteza. Unachookoa ni kidogo sana, na samaki wako kapita usiku mzima kwenye uvuguvugu, ambao ndo vijidudu wanaupenda. Haina maana. Bora ukaiweka ile swichi ya baridi katikati badala ya kuipandisha mpaka mwisho.

Halafu kuna friji za used. Zinaingia sana, unazikuta Darajani, Mlandege na kila kona, na sisemi mtu asinunue, bei zake zinafaa wengi wetu. Ila bei ya friji ni mbili, ile unayompa muuza duka na ile unayoilipa kila siku kwenye tukuza. Friji ndogo mpya iliyo nzuri inaweza kutumia chini ya uniti moja kwa siku, na kongwe kubwa iliyochoka ikapita mbili. Tofauti ya uniti moja na nusu kwa siku ni uniti 45 kwa mwezi, kwa mwaka ni zaidi ya 540. Chukua risiti yako, gawa pesa uliyotoa kwa uniti ulizopata, utajua uniti moja inakusimamia bei gani, kisha zidisha kwa 540, utaona kama ile rahisi ni rahisi kweli. Na kabla ya kununua omba iwashwe pale pale, sikiliza kama inazima ikishapoa, friji isiyozima kabisa muache nayo mwenyewe.

AC nayo ina uongo wake. Mkubwa ni huu wa kuweka 16 ili chumba kipoe haraka. AC ya kawaida ina kasi moja tu, ikiwaka inapoza kwa nguvu ile ile ukiweka 16 au 25, tofauti ni kwamba ukiweka 25 itafika na kuzima, ukiweka 16 haifiki, inakwenda mpaka alfajiri nawe umejifunika blanketi. Hizi za inverter ndo zinabadilisha kasi, zinapunguza mwendo chumba kikishapoa, na hapo pia ukiomba 16 unazilazimisha zisipunguze. Weka 25 au 26, washa na feni, upepo wa feni kwenye ngozi unakufanya usikie baridi zaidi ya ilivyo. Feni ya wati 60 kwa saa kumi ni uniti 0.6 tu. AC ya wati 1,000 ikienda saa hizo hizo bila kuzima ni uniti 10.

Na hapa hali ya visiwani inaingia tena. Sehemu kubwa ya kazi ya AC kwetu ni kukausha hewa, yale maji yanayotoka kwenye kile kibomba cha nje ndo unyevu uliotolewa chumbani. Kila ukiacha mlango wazi au dirisha la vibao lenye mianya, unaingiza hewa mpya yenye maji, na AC inaanza upya. Kuweka AC kwenye chumba cha makuti kisichokuwa na dari ni kuipoza mitaa, hakuna uniti zitakazotosha. Nyumba ya bati bila dari nayo ni shida, mana bati likipigwa na jua linashusha joto moja kwa moja kichwani. Mwenye pesa ya AC na hana dari mimi ningemwambia aanze na dari. Wazee waliojenga Mji Mkongwe walijua, kuta nene za mawe na chokaa, ua katikati wa kupitisha hewa, na madirisha unayoyafunga mchana jua likiwa kali na kuyafungua jioni upepo ukianza. Hili la madirisha halitaki hata senti na linafanya kazi kwenye nyumba ya matofali vilevile.

Kwenye vitu vya joto siri ni moja, usitie joto usilolihitaji. Jagi la lita moja na nusu ukilijaza mpaka lichemke linataka kama uniti 0.14. Kama unataka vikombe viwili tia maji ya vikombe viwili, unatumia theluthi. Au chemsha mara moja asubuhi utie kwenye chupa ya chai. Pasi ya wati 1,200 inajizima na kuwaka wenyewe ikishapata moto, lakini kila ukiiwasha upya kwa nguo moja unalipa kuipasha, kwahivyo kanzu ya Ijumaa ya baba, sare za skuli na buibui ya mama zikikusanywa zikapigwa pamoja, na nguo zisiwe chepechepe, unaona tofauti. Hita ya tangi isiachwe imewashwa kutwa, inapasha maji yanapoa inapasha tena na hakuna anaeoga. Na kwa Unguja ya Februari sijui nani anahitaji maji ya moto, lakini kusi ikivuma mwezi wa saba na una mgonjwa au mtoto mchanga, washa robo saa kabla, kisha zima. Kwa anaepikia umeme, lile sufuria la presha la umeme linapika maharage chini ya uniti moja kwa sababu limezibwa na joto halitoki, jiko la koili kwa maharage hayo hayo linapasha na hewa ya jikoni nzima.

Pampu wengi wanaisahau kabisa mana iko nje kisimani au uwani. Ya nusu hp, yaani nusu nguvu ya farasi, inaweza kuvuta wati 500 mpaka 600, si kidogo, na balaa lake ni kuachwa. Tangi limejaa, maji yanamwagika juu ya paa, kila mtu kalala. Au ile valvu ya chini kisimani imeharibika, maji yanarudi, pampu inazunguka saa nzima na tangi halijajaa. Kama zamani tangi lako lilikuwa linajaa kwa nusu saa na sasa linataka saa na nusu, usilaumu mita, mwite fundi wa pampu. Boya la kuzima pampu tangi likijaa halina bei kubwa ukilinganisha na uniti linazookoa.

Vitu vidogo navyo vina haki yake. Chaja ya simu iliyobaki kwenye soketi bila ya simu inavuta chini ya nusu wati, mwezi mzima haifiki nusu uniti, kwahivyo ukiitoa itoe kwa usalama tu. Lakini dekoda inayobaki imewashwa, zile zinazovuta wati 10 hivi hata TV ikiwa imezimwa, kwa mwezi ni uniti 7.2. Tazama tofauti, kitu tunachokigombania hakifiki nusu uniti na kile kilichopo pembeni yake kinapita saba. Dekoda zima ukutani.

Sasa hivi vidude vinavyouzwa mitandaoni, kiboksi unachomeka kwenye soketi kinawaka kitaa cha kijani, eti kinapunguza matumizi nusu. Usinunue. Ndani yake kwa kawaida mna kapasita tu, kijidude cha kuhifadhi umeme kidogo kwa muda mfupi. Mita ya nyumbani inahesabu umeme uliotumika kweli kufanya kazi, pasi ikitaka wati 1,200 kuwa ya moto hakuna kiboksi kitakachoifanya iwe ya moto kwa 600. Zile gadi za friji ni kitu chengine, zinalinda friji umeme ukipanda na kushuka au ukikatika na kurudi ghafla, hiyo ni kazi nzuri na ninaziunga mkono, lakini hazipunguzi uniti.

Wengine wanauliza, bwawa la Mwalimu Nyerere kule Rufiji si limekamilika, megawati 2,115, kwa nini tubanebane? Swali zuri. Umeme wetu Unguja unakuja kutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba, wa kwanza ulilazwa 1980 na mkubwa wa megawati 100 ukaja 2013. Pemba wao wanapata kutoka Tanga kwa waya wao tangu 2010. Kwahivyo bwawa hata liwe kubwa vipi, kinachotufikia kinapita kwenye waya huo, halafu transfoma ya mtaa, halafu waya wa nyumba. Anaekumbuka 2008 tulipokaa kama mwezi mzima gizani, na tena mwisho wa 2009 mpaka Machi 2010, anajua tunaning'inia kwenye nini. Na wingi wa umeme bara haufuti bei ya uniti kwenye risiti yako. Kuna jambo jengine pia, magharibi mpaka saa nne usiku kila nyumba imewasha kila kitu kwa pamoja, transfoma ya mtaa inazidiwa, umeme unakuwa mdogo, feni zinazunguka kwa uvivu na friji zinaunguruma bila ya kupoza. Pasi na pampu ukizipeleka asubuhi uniti ni zile zile, ila mtaa mzima unapata nafuu na friji yako inapona.

Tuje kwenye tuhuma yenyewe, tukuza inaiba. Zile tarakimu 20 unazoingiza zinabeba uniti, mita inachofanya ni kuhesabu kinachopita na kupunguza. Unaweza kuipima wenyewe. Kwenye uso wa mita kuna kitaa chekundu kinachopepesa, na pembeni yake kumeandikwa namba, kwa mfano 1000 imp/kWh, maana yake kikipepesa mara 1,000 ni uniti moja. Zima kila kitu nyumbani, bakisha jagi au pasi peke yake, na hakikisha imo kwenye kuwaka. Hesabu kinapepesa mara ngapi kwa dakika moja, zidisha kwa 60, kwa mita ya 1000 hizo ndo wati. Ukipata 25, ni wati 1,500. Linganisha na namba iliyoandikwa nyuma ya kifaa. Zikikaribiana mita yako inasema kweli, na kupishana kidogo ni kawaida mana umeme wenyewe unapanda na kushuka. Zikipishana mbali, hapo una hoja ya kupeleka ZECO, shirika letu la umeme, nenda na hesabu yako imeandikwa, watakusikiliza tofauti na ukienda na hasira.

Halafu fanya na hili la pili. Chomoa kila kitu, zima taa zote, swichi kubwa iache imewashwa, tazama kitaa kama dakika kumi. Kikiendelea kupepesa na hakuna kinachotumika, basi kuna umeme unavuja, waya umechubuka ukutani, soketi imeingia unyevu, kwenye nyumba za zamani zenye kuta zinazotoa chumvi hili si ajabu, au kuna mtu kaunganisha kutoka kwako. Hapo mtafute fundi anaetambulika, usifungue mita wala usimpe kijana wa mtaani akupimie kwa bisibisi, mana umeme unaovuja ndo huo huo unaoua mtu akishika bomba na miguu mibichi.

La mwisho ni hizi nyumba za kupanga, mita moja wapangaji wawili, mnachanga sawa sawa na kila mwezi mnanuniana. Sawa sawa si haki. Mwenye chumba ana taa tatu za wati 9 kwa saa sita, feni ya wati 60 saa kumi, TV ya wati 50 saa tano, na simu zake. Jumlisha, haifiki uniti moja na robo kwa siku, ni kama moja tu na kitu, kwa mwezi kama 31. Mwenzake ana vitu hivyo hivyo na friza ya kuuzia barafu inayokula uniti 2.5 kwa siku, huyo ni 106 kwa mwezi. Wakichanga nusu kwa nusu kila mmoja analipia 68 na nusu, yaani wa kwanza anamlipia mwenzake uniti 37 na nusu kila mwezi za biashara asiyokuwa na faida nayo. Mkae, kila mtu aandike vifaa vyake, wati zake na saa zake, mpige hesabu mbele ya kila mmoja na karatasi muibandike pale pale kwenye mita, akija mtu na AC yake mpya inaongezwa kwenye karatasi siku hiyo hiyo.